Shada la nyaya la mashine ya gemu: volti 5 zinapotelea wapi?

Swali: Assalaam alaikum. Nimepata kabati la gemu la wachezaji 2, lile la kusimama, nimeliweka hapa Langoni, Lamu. Nyaya zake za ndani zililiwa na panya, na zilizosalia zilikuwa zimefanya kutu ya kijani. Bodi ya gemu ina meno 56 ukingoni. Kuna joistiki 2 na vitufe 3 kwa kila mchezaji. Fundi mmoja aliniunganishia kwa waya wa simu. Gemu inawaka, lakini katikati ya mchezo inajizima na kuanza upya. Tena mchezaji wa 2 akisukuma kushoto, mtu wake anakwenda kulia. Nataka kung'oa zote nitengeneze shada jipya kwa mkono wangu. Ninunue nini, na nianzie wapi?

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na hilo la kujizima, maana ndilo litakalokuamulia ununue waya gani.

Waya wa simu wa kawaida ni uzi mmoja wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5, yaani milimita mraba 0.2 tu. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa karibu omu 0.09. Kama pawa saplai iko mita 1.2 kutoka kwenye bodi, umeme unakwenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi: jumla mita 2.4, omu 0.21. Bodi za aina hii mara nyingi hula ampia 2 hadi 5 kwenye volti 5. Tuseme yako inakula 3. Zidisha 0.21 kwa 3, unapata volti 0.63 zilizopotelea njiani. Pawa saplai inatoa 5.00, bodi inapokea 4.37. Chipu nyingi za bodi hizo zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Zikishuka chini ya hapo, bodi inadhani umeme umekatika, nayo inajianzisha upya. Basi usimruhusu mtu akuuzie bodi nyingine kabla hujabadilisha nyaya.

Unaweza kuhakikisha leo leo kabla ya kung'oa chochote. Weka multimita kwenye volti za moja kwa moja, gemu ikiwa inacheza. Pima kwenye skrubu za pawa saplai, kisha pima kwenye bodi yenyewe, juu ya miguu ya chipu. Chipu ndogo za miguu 14 zilizoandikwa 74LS, nyingi zake zina volti 5 kwenye mguu wa 14 na ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, kwenye mguu wa 7. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hasara ya nyaya zako. Na usiitibu kwa kupandisha volti kwenye pawa saplai. Bodi ikipunguza ulaji, sehemu ya volti zilizokuwa zikipotea njiani inaifikia.

Sasa ununuzi. Kwa volti 5 na ardhi chukua waya laini wa nyuzi nyingi, milimita mraba 1.0. Nyekundu mita 3, nyeusi mita 6. Usikimbilie ule wa 1.5 wa nyumba. Ni mgumu, na hauingii vizuri kwenye vijitundu vya soketi. Nyaya 2 nyekundu na 4 nyeusi za 1.0, kwa urefu uleule wa mita 1.2 na ampia zilezile 3, zitapoteza kama volti 0.05 tu. Kwa volti 12 mita 2 za njano zinatosha, na mita 2 za rangi nyingine kwa ile volti 5 hasi. Kwa mawimbi, yaani vitufe, joistiki, sarafu na swichi za fundi, chukua milimita mraba 0.3. Hesabu yake: kila mchezaji ana pande 4, vitufe 3, kitufe cha kuanzia na swichi ya sarafu, hizo ni 9, wawili ni 18. Ongeza huduma, majaribio na ile inayotambua kabati likitikiswa, zinakuwa 21. Kwa mita 1.5 kila mmoja ni mita 32. Nunua 40, kwa rangi nyingi uwezavyo kupata.

Hapa pwani nakusisitizia waya wa shaba iliyopakwa bati, ule unaotumika kwenye boti. Shaba tupu katika hewa ya chumvi haishiki kutu kwenye ncha peke yake. Ule ukijani unatambaa chini ya ganda la plastiki sentimita kadhaa, na ukikata uone ndani unakuta uzi umekuwa mweusi na risasi ya kulehemu haishiki tena. Na kuna ulaghai wa kuangalia dukani: waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwangua kwa kisu. Waya wa bati ni mweupe nje, mwekundu ndani. Wa ulaghai ni mwekundu nje, mweupe ndani. Huo wa pili mrudishie mwenye duka, hata akikupa kwa nusu bei, kwa sababu ukinzani wake ni mkubwa zaidi na hukatika ukikunjwa mara chache.

Soketi unayohitaji ni ya ukingo wa bodi, miguu 56 (28 kila upande), nafasi ya milimita 3.96 kati ya mguu na mguu, yenye vijicho vya kulehemu. Agiza Nairobi kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, au mtandaoni, na agiza 2, kwa sababu ya kwanza watu wengi huiyeyusha. Vichwa vya kike vya kuchomeka kwenye swichi: pima kwanza ulimi wa swichi zako. Zile za kizamani ni milimita 4.8, na vitufe vingi vya Kijapani ni 2.8. Swichi zako ni 16 za mezani (ile meza ya kabati yenye joistiki na vitufe) na 4 au 5 za sarafu na fundi, kila moja vichwa 2. Nunua 60, na koleo la kubania lenye meno ya saizi hizo, si plaizi. Kichwa kilichobanwa kwa plaizi hushika siku ya kwanza, kisha huanza kulegea, na kitufe kitakuwa kinafanya kazi ukikibonyeza kwa hasira tu. Pia mpira wa kusinyaa kwa moto wa milimita 3, tai za plastiki, risasi nyembamba, na chuma cha kulehemu cha wati 40.

Yapo mashada yaliyotengenezwa tayari. Ya bei rahisi yana kasoro moja inayojirudia: waya wa volti 5 ni mwembamba sawasawa na wa vitufe. Ukiamua kununua, lichukulie kama shada la vitufe tu, kisha uongeze nyaya zako za 1.0 kwenye volti 5 na ardhi.

Kabla ya kulehemu hakikisha bodi yako inafuata mpangilio wa JAMMA, ule wa chama cha watengenezaji mashine za burudani wa Japani uliotoka 1985. Meno 56 peke yake si ushahidi. Upande wenye vipuri huhesabiwa 1 hadi 28. Upande wa kulehemu hutumia herufi: A mpaka Z bila G, I, O wala Q, kisha a mpaka f ndogo. Bodi ikiwa imezimwa na haijaunganishwa popote, weka multimita kwenye mlio. Meno 1, 2, 27, 28, A, B, e na f yanapaswa kulia yote pamoja na mguu wa 7 wa chipu za 74LS, kwa sababu zote ni ardhi. Meno 3, 4, C na D yalie na mguu wa 14. Yasipolia hivyo, simama hapo. Bodi yako ina mpangilio mwingine, na shada la JAMMA litaiua.

Ikilia sawa, mpangilio ni huu. Uandike ubaoni ukutani mbele yako. Namba ni za mchezaji wa 1 na herufi ni za mchezaji wa 2, pale wanapogawana:

1, 2, A, B: ardhi
3, 4, C, D: volti 5
5, E: volti 5 hasi
6, F: volti 12
7, H: pengo la kuzuia kugeuza
8, J: kihesabu sarafu
9, K: kizuizi cha sarafu
10: spika chanya; L: spika hasi
12: nyekundu, N: kijani, 13: buluu, P: mdundo wa picha (sync), 14: ardhi ya picha
15: majaribio, R: huduma, S: kutikiswa
16, T: sarafu
17, U: kuanza
18, V: juu, 19, W: chini, 20, X: kushoto, 21, Y: kulia
22, Z: kitufe cha 1, 23, a: cha 2, 24, b: cha 3
27, 28, e, f: ardhi

Mguu wa 11 na M uache. Hali kadhalika 25, 26, c na d, ambazo baadhi ya bodi huzitumia kwa vitufe vya ziada. Volti 5 hasi hutumiwa na bodi chache za zamani tu, lakini ivute, ili siku utakayobadilisha bodi usirudi kufungua shada.

Lile pengo la 7 na H si pambo. Tia kipande cha plastiki ndani ya soketi mahali hapo. Ukiichomeka soketi kinyume bila kizuizi, mguu wa 6 unaangukia pale pa a na F pale pa 23, na volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye njia ya kitufe cha 2. Chipu ya upande huo haitasamehe.

Usijenge shada ndani ya kabati ukiwa umepiga magoti. Chukua ubao wa plaiwudi, weka juu yake meza ya kuchezea, zungushia penseli, halafu piga misumari pale kila swichi ilipo na pale njia inapopinda. Umbali kutoka mezani hadi kwenye bodi upime kwa uzi ndani ya kabati lenyewe, ukipita kona zote, na meza ikiwa imefunguliwa kama anayetengeneza. Watu hupima meza ikiwa imefungwa, na siku ya kwanza ya kuifungua wanang'oa nyaya 3. Ongeza sentimita 15 kila upande. Bora zaidi, weka plagi ya njia nyingi kati ya meza na kabati, ili meza itoke yote bila kugusa soketi ya bodi.

Kulehemu soketi kunataka utulivu. Ibane mezani, anza safu ya chini, mguu wa 1 kwenda wa 28, ndipo ugeuze. Mpira wa kusinyaa utangulie kuingia kwenye waya, ukisahau utaufumua. Chovya ncha kwenye risasi kwanza, ipitishe kwenye kijicho, chuma kiguse sekunde 2 au 3, risasi ikitiririka toa. Ikizidi hapo plastiki inalegea na mguu unazama ndani, na mguu uliozama haugusi bodi ingawa kwa macho unaonekana mzima. Kwenye volti 5 na ardhi, unganisha jino na mwenzake wa upande wa pili kwa kipande kifupi cha waya: 3 na C, 4 na D, 1 na A, 2 na B, 27 na e, 28 na f. Waya mmoja mwekundu kwa kila jozi ya volti 5, mmoja mweusi kwa kila jozi ya ardhi, hivyo ndivyo ninavyopata zile 2 na 4. Miguu mingi ya soketi hizi haifai kubebeshwa zaidi ya ampia 3 peke yake, na ndiyo sababu waliiweka mingi. Fanya hivyo pia kwa 5 na E, na 6 na F. Jino lingine lolote usiliunganishe na mwenzake. 12 na N zikishikana, nyekundu na kijani zinakuwa kitu kimoja.

Ardhi ya swichi ndiyo inayowachosha mafundi. Kila swichi inahitaji ardhi, na kawaida waya mmoja mweusi huruka kutoka swichi hadi swichi: vichwa vinavyobeba nyaya 2 pamoja, kama tasbihi. Kichwa kimoja kikilegea, swichi zote za mbele yake zinakufa, nawe unalaumu bodi. Dawa ni ndogo: usiishie kwenye swichi ya mwisho. Rudisha waya kutoka hapo mpaka ardhi tena, iwe pete. Pete ikikatika mahali pamoja, kila swichi bado ina njia ya upande wa pili. Mita 4 za waya wa 0.5 zinatosha.

Swichi ndogo ina ndimi 3. Ardhi ikae kwenye ulimi ulioandikwa COM, wimbi kwenye NO. Ukiweka kwenye NC, kitufe kitakuwa kimebonyezwa muda wote na kuachia pale unapokibonyeza. Kwenye swichi ya sarafu kosa hilo hudhihirika mara moja: gemu hukataa kupokea sarafu, au hutoa onyo la swichi kukwama.

Na sasa yule mtu wa mchezaji wa 2 anayekwenda kulia. Fundi aliangalia joistiki kwa juu. Ukisukuma mpini kushoto, mhimili wa chini unakwenda kulia na kubonyeza swichi ya kulia. Kwa hiyo waya wa kushoto (X) unakaa kwenye swichi ya kulia, na wa juu (V) kwenye swichi iliyo karibu na mchezaji. Usibahatishe: geuza meza, sukuma mpini kwa mkono mmoja, sikiliza ni swichi ipi inalia "tik", bandika karatasi hapo. Kama ni joistiki ya Kijapani yenye plagi ya nyaya 5, moja ni ardhi, lakini njia ni ileile.

Spika ina mtego wake. Mguu wa L si ardhi. Bodi nyingine zina kikuza sauti kinachoendesha pande zote mbili, na ukiunganisha L na ardhi "kupunguza waya", kikuza sauti kinaungua. Nyaya 2 zake zisokote pamoja ziende kwenye spika tu.

Kihesabu sarafu, kama unacho, ni koili ya volti 12. Upande mmoja uende volti 12, wa pili mguu wa 8, na katikati ya ndimi zake mbili lehemu dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea volti 12. Bila dayodi, kila sarafu inarusha mkupuo wa volti kwenye transista ya bodi, na bodi huanza kujizima kila mtu anapolipa.

Picha: nyaya 5 zisokotwe pamoja, mbali na waya wa umeme wa ukutani. Zikilala sambamba nao utaona mawimbi yanapanda kwenye kioo. Kama umeweka skrini bapa ya kompyuta, haitaonyesha kitu moja kwa moja, kwa sababu bodi hizi kwa kawaida hutoa picha ya kilohezi 15. Utahitaji kigeuzi, GBS-8200 ndicho cha kawaida. Kama bado ni ile televisheni ya bilauri ndani ya kabati, usiiguse nyuma. Hubeba maelfu ya volti hata ikiwa imezimwa. Mwachie anayezitengeneza kila siku.

Umeme wa ukutani, volti 240: fyuzi ya ampia 3 kwenye plagi ya miguu mitatu, na waya wa ethi uende kwenye ganda la pawa saplai, kwenye mlango wa chuma wa sarafu, na kwenye meza kama ni ya chuma. Watoto wa mikono yenye jasho ndio wanaoishika. Pawa saplai nyingi zina kiswichi cha 115 na 230. Kitazame kabla ya kuchomeka. Kabati la Kijapani la volti 100 linahitaji transfoma ya kushusha, hakuna njia ya mkato.

Shada likiisha, bodi isiingie bado. Weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye ardhi, bonyeza kila swichi, usikie mguu wake tu unalia. Kisha washa pawa saplai bila bodi. Nyingi hazitulii bila mzigo, basi ning'iniza balbu ya breki ya pikipiki, volti 12 wati 21, kati ya volti 5 na ardhi. Itawaka hafifu na kula karibu ampia 1. Pima ndani ya soketi: 3, 4, C, D zisome 5, 6 na F zisome 12, na 18 hadi 24 zisisome kitu. Zima, toa balbu, safisha meno ya bodi kwa ufutio wa penseli na spiriti (msasa hapana, unaondoa dhahabu), chomeka, washa, kisha rekebisha skrubu ya pawa saplai mpaka kwenye chipu usome kati ya 5.00 na 5.05.

Tai za plastiki usizikaze mpaka hapo. Shada lisilale sakafuni wala lisiguse ukuta. Nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na wakati wa masika utaona matone. Inua kabati kwa vipande vya mbao, na matundu ya nyaya yazibe kwa wavu wa chuma, la sivyo panya watarudi.

Liache licheze nusu saa, halafu pima tena sehemu 3: kwenye skrubu za pawa saplai, kwenye vijicho vya soketi, na kwenye chipu. Ikiwa hasara kubwa iko kati ya soketi na chipu, miguu ya soketi haishiki vizuri, na hapo ndipo ile soketi ya pili itakapokufaa. Ikibaki kujizima, niandikie vipimo hivyo 3.